Raundi Moja ya Zilpah

Mimi ni mtu wa mashoto, na sina haja ya kumwomba mtu yeyote msamaha kwa hilo. Nyanya yangu kule Khayega alijaribu kunibadilisha. Kila tulipoketi kula obusuma, ugali wetu, alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, nami nilikifungua akigeuka tu. Shuleni mwalimu naye alinichapa vidole mpaka akachoka yeye. Watoto wengi wa kwetu walinyooshwa hivyo wakanyooka. Mimi nilikuwa kichwa ngumu.

Ndiyo maana mwaka wa 1994 kaka yangu Shikanga alizunguka Kakamega yote akitafuta bondia wa mashoto, asipate hata mmoja. Shikanga alikuwa kocha wa ndondi katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Kijana wake hodari, Anwar wa Mumias, alikuwa amebakiza miezi mitatu kwenda Kisumu kupambana na bingwa mmoja wa mashoto aliyewashinda wote. Shikanga aliwaambia mabondia wengine wasimame kinyume, mguu wa kulia mbele, ili Anwar azoee. Wakajikwaa kwa miguu yao wenyewe, wakacheka, akawafukuza.

Jioni hiyo alinikuta napasua kuni. Alisimama akiuangalia mkono wangu, kisha akaniuliza kama ningekuja ukumbini. Nilidhani ananitania. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, muuza mboga, nimeshaachana na mume kule Malava. Lakini nilienda, na nilipovaa zile glovu zinazonuka jasho la watu, nilijua nimefika mahali pangu. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa mkono wa kulia akikutana na wa mashoto, miguu yao ya mbele inagongana. Lazima auweke wake upande wa nje, azunguke akiukwepa mkono wa kushoto wa mwenzake, kisha apige kwa mkono wa kulia, moja kwa moja. Anwar alijua hayo kwa mdomo tu. Miguu yake ilimpeleka kila mara pale ngumi yangu ilipomngoja, na Shikanga alinikataza kumhurumia. Nikampiga. Wiki ya kwanza alirudi kwao jicho limefura, akamwambia mama yake ati ameanguka na baiskeli. Wiki ya sita akaanza kunipata. Alinitwanga tumboni nikakaa chini, nikainuka nikicheka, nikamwambia arudie.

Wanawake wa soko walinisema sana. Wacha waseme. Nilichotaka nilimwambia Shikanga wazi: raundi moja ya kweli, yenye kengele na mwamuzi, watu wakiangalia. Maishani mwangu raundi moja tu. Alikubali, akasema Anwar akirudi na ushindi nitaipata.

Anwar alirudi na ushindi. Mimi sikwenda Kisumu, gari lilijaa wanaume, nikabaki na mboga zangu. Walinisimulia jinsi yule bingwa alivyomkosa Anwar kila upande, mpaka mkono wa kulia ukamlaza. Nililia kwa furaha, na kwa wivu pia, sikatai.

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa, na Shikanga akatimiza neno lake. Andati, mwalimu wa shule ya jirani, alikuwa mwamuzi. Kengele ikagongwa. Nikamwendea Anwar.

Hakunipiga. Alizunguka vizuri, mguu upande wa nje, vile nilivyomfunza, lakini kila nilipojiacha wazi mkono wake wa kulia ulibaki kidevuni pake. Nilimpiga mara tatu, akaniachia. Watu wakaanza kucheka na kupiga makofi, kama wanavyomshangilia mtoto mdogo akicheza ngoma harusini. Nikamsogelea.

"Piga, Anwar."

"Siwezi, dada. Mama yangu ameketi pale."

"Siku zote unanipiganga."

"Siku zote tunafanya kazi," alisema. "Leo watu wanaona."

Akainamisha kichwa, akaniacha nimpige tena. Nilitamani kulia palepale, na nilijua nikilia watadhani ni furaha. Kengele ikagongwa mara ya pili. Andati akaninyanyua mkono, akatangaza kwamba nimemshinda bingwa, na ukumbi mzima ukasimama. Shikanga alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Alidhani amenipa nilichoomba.

Mwaka huohuo Anwar aliandikwa jeshini, na Shikanga akamfuata Nairobi kutafuta kazi ya ukocha. Miaka mitatu imepita. Hakuna aliyenivisha glovu tena, na jioni mikono yangu inazitamani mpaka naitia kwapani. Sokoni wananiita Bingwa, nami naitika, nawapimia mboga zao. Lakini ushindi huo ningewarudishia wote, bure kabisa, kama Anwar angenipiga ngumi moja ya kweli mbele yao, hata ingeniangusha.