Maji ya Kutu Chini ya Tangi

Muuzaji pale Jinja aliapa kwamba kompresa yake ni nzima, na bunduki ya kupulizia rangi angeniongezea bure. Nilipiga magoti nikafungua koki iliyo chini ya tangi. Maji ya kahawia yakanirukia mkononi, yakinuka kutu na mafuta, na hapo hapo nikarudi utotoni Mbale, kwenye ua wetu wa Namatala.

Baba alikuwa akipiga magari rangi. Kazi yangu kila jioni ilikuwa kufungua koki kama ile, maana maji yakibaki ndani ya tangi hutoka pamoja na upepo na kuharibu rangi. Jioni moja nilikuwa nimevaa gauni jipya, la kwanza kushonewa mimi mwenyewe. Sikutaka kulichafua.

"Umetoa maji?" baba akauliza.

"Nimetoa."

Kesho yake rangi ya gari la afande mmoja wa magereza ikaota malengelenge mlango mzima. Afande akapitisha kidole juu yake, majirani wakitazama. "Nani mjinga amefanya hii?"

Baba alinitazama mara moja tu, kisha akavua kofia. "Ni mimi, afande. Nilisahau kutoa maji."

Afande akamtukana mpaka akachoka. Mimi nilisimama mlangoni na gauni langu, safi kabisa.

"Dada, unajua mashine," muuzaji akasema. "Nani alikufundisha?"

Nilifunga koki, nikajipangusa mkono.

"Nilijifunza mwenyewe," nikasema.