Mikono Ilichelewa Kusema

Juma hili, hapa kwetu Kalembe, nilikaa mu kikao cha chefu wa kijiji. Mujane mumoja alikuja kudai shamba lake la maharagwe, lililochukuliwa na jirani mwenye ng'ombe. Alisimama kama vile sisi wanawake tulivyofunzwa: macho chini, mukono mbele ya kinywa. Kweli yake yote iliishia mu vidole.

"Sema nguvu, Mama. Uko na hakika ao hapana?" chefu akamuuliza.

Jirani, yeye, akafungua mikono, akacheka na watu, akamwita chefu Papa, kama vile baba yake. Akapewa shamba.

Inje, dada ya mujane akamuuliza: "Lakini mupaka iko wapi?" Hapo mikono ikaamuka. Akatuonyesha kilima, akapiga muguu chini kama vile amesimama penye muti wa mupaka, akatuangalia mu macho. Sisi wote tuliliona lile shamba.

"Njo hivyo ungesema mule ndani!" dada yake akamwambia.

"Mule mulikuwa wakubwa, dada."

Marehemu mama yangu alikuwa anatuambia: "Mbele ya wakubwa angalia chini, watakupenda." Sauti yake ningali naisikia, na sasa inaniuma.

Pikipiki ya chefu ikapita karibu yetu. "Kwaheri, Mama," akamwambia mujane. "Uko na heshima sana!"

Mujane akaangalia chini, akasema aksanti.