Aliyekwenda Hekaluni Si Mimi

Kanisa letu, ambalo watu wengi huliita la Wamormoni, lilipokaribia kufungua hekalu jipya Nairobi, liliomba watu wa kujitolea. Kabla hekalu halijawekwa wakfu, mtu wa dini yoyote huruhusiwa kuingia na kulitazama. Hivyo wanahitajika watu wa kuwapokea wageni, kuwavalisha vifuniko vya viatu na kuwaelekeza. Likishawekwa wakfu tunaingia waumini tu, tena kwa kibali. Hapa Maskati, Omani, tuko wachache, tunasali Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko, na hekalu tulikuwa tukiliona kwenye simu tu.

Katika nyumba ninayofanya kazi, mtaa wa Darsait, waumini tuko wawili: mimi, Mtanzania wa bara, na mwenzangu Mkenya, mdogo kwangu kwa umri na kwa imani. Shule niliishia ya msingi. Mengine nimejifunza mwenyewe, jikoni, wali ukiwa motoni. Nilisoma habari za mahekalu chumba kwa chumba mpaka nikaweza kueleza kazi ya kila kimoja. Mwenzangu alikuwa amebatizwa juzi tu, na kitabu kikimshinda hukiweka chini bila kujilaumu.

Tuliomba ruhusa ya kwenda Nairobi kujitolea, wote wawili. Aliyeamua ni Bibi, mama wa mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja.

“Mie nna sukari,” akasema. “Huyu mkono wake mzito, akinchoma sindano roho inanitoka. Wewe baki, mwanangu. Yeye na ende.”

Ni mimi niliyekuwa nikimpima na kumchoma, nikibadilisha sehemu ya tumbo kila mara ili ngozi isiwe ngumu. Nilibakizwa kwa sababu kazi hiyo naifanya vizuri. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado haliniingii akilini.

Nilimpigia mwenzangu pasi gauni lake la kanisani, huku nikiona jinsi lingenikaa mimi. Alipofika huko alituma picha. Nilizifungua zote, nikazikuza kutazama nyuma yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinizibia hekalu.

Alirudi. Kwetu, Ijumaa ya kwanza ya mwezi yeyote anaweza kusimama na kutoa ushuhuda. Yeye alisimama kabla ya wengine, akalia, akamshukuru Mungu kwa kila mguu alioinamia kuuvalisha kifuniko. Kisha akasema, “Na dada yangu yule pale. Mimi nilienda kwa sababu yeye alibaki.”

Watu wakageuka kunitazama kwa huruma. Nilifungua kitabu cha nyimbo nikatafuta wimbo ambao hatukuwa tunauimba. Shukrani zake zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Angejisifu, ningejua la kufanya na wivu wangu.

Jioni ile, tukimenya vitunguu, nilimwuliza aliona nini ndani.

“Siku ya mwisho waliniweka kwa kisima cha ubatizo. Dada, hiyo beseni imebebwa na ng'ombe! Kumi na wawili, na pembe zao! Mzee mmoja Mmasai akaniuliza, mbona ng'ombe?”

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia wametuwekea hao kwa sababu walijua sisi huku tunapenda ng'ombe.”

“Uongo!”

“Haki, dada. Na akafurahi! Akasema basi hilo kanisa lina akili. Akaanza kuwakagua mmoja mmoja, akaniambia huyu wa kona amenona kuliko wenzake.”

Nilicheka mpaka nikaweka kisu chini. Kisha nikamweleza kwamba sanamu zile zinawakilisha makabila kumi na mawili ya Israeli, ng'ombe watatu watatu, wakitazama pande nne.

“Kumbe! Ungekuwa wewe pale ungemwambia vizuri.”

“Ndiyo,” nikasema. “Ningemwambia vizuri.”

Kicheko kikaishia hapo. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

“Na wewe mbona umenuna? Tangu arudi huyu unanchoma bila ya kusema neno. Wivu huo.”

“Ni wivu, Bibi.”

“Haya. Na hilo hekalu lenu si lipo? Limehama?”

“Lipo.”

“Basi mfundishe mwenzio kuchoma. Akishajua, na wewe utakwenda. Lakini asijifunzie kwangu!”

Nikaleta chungwa la kujifunzia. Nikamwonyesha namna ya kushika sindano, kutoa hewa, kuingiza kwa mkupuo mmoja bila kusitasita, na kutulia kidogo kabla ya kuchomoa. Niliamini itachukua muda mrefu. Kabla ya wiki kwisha, Bibi alikubali kujaribiwa. Alifumba macho, akasubiri, kisha akafumbua jicho moja.

“Hebu choma basi.”

“Nishamaliza, Bibi.”

“Alaa! Mkono mwepesi huu, kuliko wa mwalimu wake!”

Mwenzangu akanikumbatia, akanishukuru tena. Mimi nikaichukua sindano mkononi mwake nikaitia kwenye chupa ya sindano zilizotumika, kama nilivyozoea.

Nitakwenda hekaluni. Ruhusa ninayo, na ninamshukuru Mungu kwa hiyo, kwa dhati. Lakini kesho yake saa ya sindano ilipofika, Bibi alimwita mwenzangu.