Helikopta ya Rehani na Mtama wa Mwaija

Mtu akiniuliza namna ya kununua helikopta ndogo iliyokwisha tumika, mimi humsimulia habari za Rehani wa Handeni. Kaa vizuri, si ndefu.

Rehani alikata mkonge Korogwe tangu kabla ya Uhuru, na mizigo ile ikamharibu bega. Alipohamia kijiji cha ujamaa na mkewe Mwaija, mkono wa kulia haukupanda tena kupita kidevu. Sasa wewe mwenye shamba la mtama unajua: punje zikianza kutia maziwa, ndege hushuka makundi kwa makundi, na lazima mtu akae juu ya dungu kutwa, apige debe, arushe mawe kwa kombeo. Watoto wote wa kijiji walikuwa wameandikishwa shule. Mwaija alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Na Rehani, kokoto hakuweza kuirusha.

"Mpeleke mbuzi Hale," Mwaija akamwambia. "Kaka Sadala atakutafutia mnunuzi, tupate cha kumlipa mtu wa kuamia ndege shambani. Vinginevyo mwaka huu tutakula mabua."

Sadala alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba za wafanyakazi wa umeme. Siku Rehani alipofika na mbuzi wake, fundi mmoja Mzungu, aliyekuwa anarudi kwao kesho yake, ametandaza vitu vyake barazani. Katikati yake imekaa helikopta ndefu kama mkono wa mtu, na kisanduku cha redio cha kuiongozea. Yule fundi akalisukuma panga la juu kwa kidole. Likazunguka, vuuu! Kuku wakakimbilia uvunguni.

Rehani akawatazama wale kuku. Akauona mtama wake umesalimika.

Fundi naye alikuwa anatafuta mbuzi wa kuwaagia wafanyakazi.

"Shemeji," Sadala akamnong'oneza, "mwambie aiwashe kwanza."

"Ametukaribisha chai, Sadala. Nimwambie aiwashe, si sawa na kumwita mwongo?"

"Basi mwulize mafuta yake yanapatikana wapi."

"Mafuta ni mafuta, bwana!"

Rehani akamwacha mbuzi kwa fundi, akarudi kijijini na helikopta mapajani, ndani ya basi, abiria wakimpigia makelele: "Rubani, sisi wengine tunashukia wapi?" Alicheka nao njia nzima.

Mwaija hakucheka. Alitazama nyuma ya mumewe, kama mbuzi au mlinzi atatokea huko.

Wakajaribu. Chupa iliyokuja nayo ilikuwa na tone tu, nalo lilinuka dawa. Wakatia mafuta ya taa, kimya. Wakatia petroli, ikakohoa mara moja ikanyamaza. Ledama, jirani yao mfugaji, akapita na ng'ombe zake akasimama.

"Mzee Rehani, mimi ng'ombe nikimnunua namtembeza, namshika miguu, namfungua mdomo. Wewe hiki ulikitembeza?"

"Niliona haya."

Ledama akakigeuza. Bomba la mkia lilikuwa na ufa, umefunikwa kwa rangi. Kigurudumu cha ndani, kile kinachozungusha panga, kimelika hadi kuwa laini. Rehani akatuma salamu Hale. Sadala akajibu kuwa yule fundi ameshaondoka, na mafuta ya namna ile hakuna ayajuaye.

Kwa hiyo wewe unayeanza, sikiliza: haya zako ziache nyumbani. Mwenye nayo aiwashe, airushe mbele yako, aitue. Pitisha kidole kwenye mkia na magurudumu ya ndani. Uliza mafuta na vipuri vinapatikana wapi, na kama ni mbali kuliko miguu yako, muage kwa heri.

Rehani hakuwa na wa kumwambia hayo, au alikuwa naye na hakumsikia. Aliifunga juu ya mti kando ya dungu ili upepo uzungushe panga. Asubuhi ya kwanza ndege waliogopa. Ya pili walikuwa wamejipanga juu ya mkia wake, wakishuka kula na kupanda kupumzika. Mwaija alipiga debe mpaka sauti ikamkauka, mtoto akilia mgongoni. Rehani aliinua mkono wa kushoto, akatupa jiwe. Likaanguka karibu na miguu yake.

Siku ya kuvuna, mtama wote uliingia kwenye ungo mmoja.

"Njoo ule," Mwaija akamwita.

"Kuna nini?"

"Maziwa. Kayaleta Ledama."

Rehani akainuka aende. Juu ya mti panga lilikuwa linazunguka polepole, na ndege wawili wamelala juu ya mkia.