Kitanda cha Siku ya Pili

Kitabu kilichotoka Ufaransa kilikuwa chembamba kama daftari la shule. Nyevu alikifungua akiwa bado amesimama nje ya posta ya Malindi, baiskeli ameiegemeza kiunoni, mchicha ukimnyaukia tengani. Alitarajia picha za mwanawe. Alikuta mto.

Mto wenyewe ulichorwa kwa buluu, nao ulijipinda na kujipindua kama kamba iliyotupwa sakafuni. Kando yake, bila kuuacha, ulikwenda mstari mwekundu. Kurasa za mbele zilikuwa na majabali meupe, mashamba ya mizabibu, kinu cha kale kilichokaa juu ya maji, na wanawake wawili wa kizungu, wenye mvi, wakiendesha baiskeli taratibu. Katika barabara yote ile hapakuwa na mtu mwingine, hata wa kuamkiana naye.

Ndani mlikuwa na barua fupi ya binti yake, Emily. Alisema mama akifika mwezi wa tano watapanda baiskeli, wao wawili peke yao, siku tano, wakiufuata mto huo uitwao Lot. Mahali pa kulala alishapanga, na yote alikuwa ameyatia alama kitabuni.

Nyevu aliisoma mara nne. Kila neno alilijua. Maana yake ndiyo iliyomkimbia.

Si kwamba baiskeli ilimtisha. Alijifunza kwao Vitengeni akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa baiskeli ya babake iliyomzidi kimo, mguu mmoja akiupitisha katikati ya fremu, madumu ya maji yakimyumbisha nyuma. Alipofiwa na mumewe Sanga, ni baiskeli iliyomlea Emily. Kila asubuhi aliteremka kwenye mashamba ya kando ya mto Sabaki, akanunua mchicha na mtsunga, ile mboga chungu ambayo watu wa kwao hawaoni ugali umekamilika bila hiyo, akazunguka nayo Muyeye mlango kwa mlango. Lakini maishani mwake hakuwahi kuendesha baiskeli asiwe na mzigo nyuma, wala mtu wa kumngojea mbele. Sasa huko mtoni siku tano watapeleka nini? Na watampelekea nani?

Emily alikuwa mwanawe wa pekee. Aliondoka miaka saba nyuma kwenda kufanya kazi hotelini, akaolewa hukohuko kwa ndoa ya serikali. Huyo mume Nyevu alikuwa amemwona kwenye simu tu, mtu mwekundu mwenye ndevu, anayepunga mkono na kucheka. Mara mbili walipanga kuja Kenya, na mara mbili safari ikavunjika. Sasa ilikuwa zamu ya mama kwenda, na pasipoti alishaichukua Mombasa. Alichokuwa akikiota si Ufaransa. Aliliota jiko la Emily, aone anaweka wapi chumvi. Na usiku alale chumba cha pili, amsikie akikohoa ng'ambo ya ukuta.

Alikipeleka kitabu kwa Farjallah. Farjallah, mzaliwa wa Mambrui, alikuwa fundi wa baiskeli pale Muyeye, tena alikuwa na Kiitaliano cha kutosha alichokiokota kwa watalii, na aliamini kuwa Kiitaliano na Kifaransa ni watoto wa mama mmoja. Alipangusa mikono, akakaa juu ya boksi lake, akaanza kusoma. Pale alipofahamu alisoma kwa sauti. Pale asipofahamu alisoma kwa sauti kubwa zaidi.

Naye swali lake la kwanza lilikuwa lilelile, kwamba hawa wanabeba nini. Nyevu akasema yeye ameona vimikoba tu. Fundi akatafuta soko mwisho wa njia, asilione. Aliona kituo cha treni, cha kumrudisha mtu alikotoka.

"Basi huko watu wameshiba, Mama Emily," alisema. "Sisi tunamwomba Mungu atupunguzie safari, wao wanazinunua."

Hata hivyo njia ilimpendeza. Aliifuata kwa kidole, akitaja kilomita za kila siku na kumhakikishia Nyevu kwamba hakuna mlima wa kumshinda. Mwisho wa kila siku palichorwa kitanda kidogo, na Emily alikuwa amekizungushia wino wa kijani. Kidole kilipofika katikati ya siku ya pili kilikuta nyota ya wino huohuo, na maneno matatu ya Kiswahili: Hapa ndipo kwangu.

Farjallah alifurahi kwa niaba yake. Saa sita mchana, alisema, watakuwa wamefika kwa Emily. Kisha kidole kikaendelea. Kitanda cha siku ya pili hakikuwa penye nyota. Kilikuwa kilomita kumi na moja mbele, katika kijiji kingine. Fundi alirudisha kidole, akahesabu upya, akafika palepale.

"Anakupitisha mlangoni kwake kama muuza mboga," alisema. Halafu akakumbuka anazungumza na nani, akainama kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Nyevu alikunja kitabu, akamshukuru, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kichwa chake hakikutulia. Asubuhi aliamini kwamba Emily hana nyumba, kwamba yale makabati aliyoyaona kwenye simu ni ya watu. Mchana aliamini kwamba yule mwenye ndevu ndiye hataki mgeni. Jioni, akiosha miguu, aliziona nyufa za nyayo zake na kucha zilizoingia rangi ya udongo wa Sabaki, akaamini neno la tatu, ambalo hakulitamka hata moyoni. Emily alipopiga simu, Nyevu alimuuliza hali ya hewa, na kama huko tairi hutobolewa na miiba. Emily alimuuliza kuhusu magoti. Walizungumza nusu saa nzima na kila mmoja alipokata simu alibaki akiitazama.

Mwishowe aliamua haendi. Lakini uamuzi kama huo haufai kukaa nao peke yako, kwa hiyo Jumamosi alipanda baiskeli kwenda Vitengeni kwa wifi yake Kahaso, dada wa marehemu Sanga. Hakuwa na kitu nyuma, na hilo liliwasumbua watu. Alipopita Ganda mwanamke mmoja alimuuliza mboga ameziangusha wapi. Mbele zaidi mzee alimsimamisha kumpa pole, akidhani anakwenda msibani, maana nani mwingine huenda mbali hivyo mikono mitupu? Nyevu alipokea pole ile kwa sababu hakujua angejibu nini.

Alimkuta Kahaso anapukuchua mahindi uani. Walijuliana hali kwa urefu unaostahili, watu na mifugo, ndipo Nyevu akatoa kitabu na kueleza habari ya nyota na kitanda.

"Wifi, mwanangu hanitaki nyumbani kwake," alisema.

Kahaso hakuacha kupukuchua. "Huyo mume amefika hapa lini?"

"Hajafika."

"Basi ulitaka ulale wapi?"

Nyevu alimtazama, na hapo ndipo alipomkumbuka mamake mwenyewe, miaka ile Sanga alipokuwa bado hajajitambulisha kwao. Bibi huyo alitoka Vitengeni kuja kumwona binti yake Malindi, akatandika mkeka nje, akakaa hapo kutwa. Maji alipewa, hakunywa. Mama hali wala halali chini ya paa la mume wa binti yake kabla mume huyo hajafika kwao binti akajulikana. Nyevu alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Ila kwa miaka yote ya mji, kanisa na tenga la mboga, hakuwahi kudhani linamhusu mtu mwenye ndevu wa Ufaransa.

Kahaso akamsimulia yaliyopita. Mwezi wa kwanza Emily alimpigia simu shangazi yake kumuuliza kama mama anaweza kulala kwake. Aliambiwa hapana, wala kula. Akalia, akasema huko mkeka wa nje ni baridi, na kumweka mama katika nyumba ya wageni ya jirani ni kama kumfukuza. Baada ya wiki akapiga tena. Alikuwa ameona njia. Katika bonde lile wapanda baiskeli hulala kila siku mahali papya na hakuna anayewauliza kwa nini. Mama atakula naye na kulala naye bonde zima, isipokuwa chini ya paa la mumewe. Akamwomba shangazi asiseme, kwa kuwa si neno la binti kumwambia mamake usoni.

"Mtoto ana akili," alisema Kahaso.

"Na mimi nani aliniuliza?"

"Uulizwe nini? Kwani huijui mila?"

Aliona raha, kisha hasira, kisha hakujua anaona nini. Njia nzima ya kurudi alijaribu kuamua kama ameheshimiwa au amefungiwa mlango, na kila kilima kilimpa jibu lake.

Jumapili alipotoka kanisani alikaa barazani akampigia Emily.

"Kitanda cha siku ya pili sikitaki," alisema.

Emily alielewa mara moja. "Shangazi amekuambia."

"Ameniambia."

"Nilitaka nisikukosee, Mama."

"Hukunikosea. Lakini miaka saba, mwanangu. Nifike mpaka mlangoni kwako, halafu nikanyage pedali nipite?"

"Shangazi atasema nini?"

"Shangazi yako haji Ufaransa."

Emily alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani. Alisema nyumba si yake, mumewe aliachiwa na babu yake, kwa hiyo hata kusema ni paa la Emily haiwezekani. Nyuma yake sauti ya mwanamume iliuliza kitu. Emily akamweleza kwa Kifaransa, maelezo marefu yaliyokuwa na jina la Kahaso ndani yake, na jibu lililorudi lilikuwa fupi.

"Anasema atakwenda kulala yeye kwenye kile kitanda," Emily alisema. "Ataondoka kabla hatujafika, arudi tukishaondoka."

Nyevu alilipima hilo. Siku ile ya mkeka Sanga alikuwa kazini kutwa, wala mamake hakuingia. Kwa hiyo paa ni paa, mwenyewe awepo asiwepo. Au huenda mtu akiondoka kwa hiari yake, kwa ajili yako, linakuwa jambo jingine. Kahaso angejua. Ndiyo maana hakutaka kumuuliza Kahaso.

"Mwambie asiondoke kabla sijafika," alisema. "Anisubiri nje, anisalimu. Kisha ndiyo aende."

"Hilo linaruhusiwa?"

"Sijui," Nyevu alisema. "Wallahi sijui, Emily."

Kisha Emily, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeshika kitu akiogopa kitavunjika, alimuuliza kama atakula pia.

Nyevu aliuona ule mkeka, na kikombe cha maji kilichokaa kando yake mpaka jua likazama. Alimwona mamake akijifunga kanga kuondoka, mgongo umenyooka, kinywa kikavu.

"Utapika nini?" aliuliza.