Mvuke Wangu na Jua la Wambui

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye visima vya mvuke nje ya Naivasha, Mkuu wa Uchimbaji alinipa kofia ngumu na vizibo vya masikio, akaniambia nisimame kando nitazame. Kisima kilichochimbwa kwa miezi mingi kilikuwa kinafunguliwa. Kilitoa mvuke dhaifu kama wa sufuria ya chai, kikanyamaza.

Mafundi wakatazamana. Mimi, msichana wa Elburgon niliyezoea kelele za mashine za kupasua mbao, nilidhani kazi imeisha kabla sijaianza.

"Joto liko huko chini," Mkuu alisema. "Hatujalifikia tu. Kesho tunahamisha mtambo."

Tukauhamisha. Kisima kilichofuata kilinguruma hadi ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu, na Mkuu, mzee mzima, akavua kofia, akalia mbele yetu bila aibu.

Nilipanda polepole. Nilikuwa fundi wa valvu, vile vifungo vikubwa vya kuzuia na kuachilia mvuke, kisha nikapelekwa chumba cha kuongozea mitambo, na mwishowe nikawa msimamizi wa zamu. Umeme wetu ulifika hadi nyumbani kwangu, mtaa wa Section 58, Nakuru, na binti yangu Wambui akasomea fizikia chini ya taa zake.

Leo Wambui ni mtafiti ng'ambo, kwenye maabara ya muungano wa nyuklia. Mwaka jana alikuja likizo na habari kwamba ofisi moja ya Nairobi inamtaka. Kazi nzuri, tena karibu. Nilitamani sana aichukue.

"Huko mnafanya nini hasa?" nilimuuliza tukinywa chai.

"Tunaunganisha viini vya haidrojeni, Mum, vile jua hufanya. Vikishikana vinatoa joto jingi sana, na hakuna moshi."

"Na hilo joto mnaliweka wapi? Si chuma kitayeyuka?"

"Tunalizungushia nguvu za sumaku, lisiguse ukuta. Kulishikilia ndio shida. Linatuponyoka."

"Stima imetoka, umeme wa kuwasha taa?"

"Ya kufika kwa manyumba, bado. Pengine nitastaafu kabla itoke."

Alisema hivyo bila huzuni, kidole chake kikichora mzunguko wa sumaku mezani, chai yake ikipoa. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na sura ya mtu anayeipenda kazi yake naijua. Maneno ya Nairobi nikayameza.

"Rudi kwa maabara yako," nikamwambia. "Mimi niko sawa."

Akarudi. Mimi nimestaafu, nalima sukuma wiki nyuma ya nyumba. Sisi tulitafuta joto lililokuwa tayari ardhini. Wambui na wenzake wanaliumba wenyewe, na mimi nawavulia kofia. Majirani huniuliza jua la Wambui litawasha Nakuru lini. Nawaambia sijui, na hata yeye hajui, lakini kila asubuhi anaamka anaenda kazini.