Kanga Iliyooshwa Mara Saba

Juzi, kwenye video ya simu ya jirani, nilimwona mbwa akimgusa mwanamke kiziwi kumwita mlango ulipogongwa. Nikamkumbuka marehemu mama, naye alikuwa kiziwi.

Alasiri moja, kwetu Muheza, komeo la stoo ya machungwa lilijifunga nami nikiwa ndani. Nililia, harufu ya machungwa yaliyooza ikinikaba, na uani kinu cha mama hakikukoma. Utotoni niliamini kiziwi husikia akitaka. Nilidhani amenikasirikia, kwa kuwa asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, shangazi alinionyesha mbwa koko uani, akaniambia, “Mpige mawe mbwa huyo, mwanangu, atatutia najisi,” nikampiga mama akiniona.

Mbwa huyohuyo aliiuma kanga ya mama, akamvuta hadi mlango wa stoo, mama akanifungulia.

Mama aliiosha kanga mara saba, moja kwa udongo. Kisha akammwagia mbwa wali wangu wote.